Barua ya Mama kwa Njeri, Iliyowafikia Nyote

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya watu, na watu wenyewe ni nyinyi.

Najua wengi mmeshapata ile barua. Inaanza na "Njeri mwanangu" na inaishia mahali ambapo singependa kupataja. Wengine mtaikuta kesho mkifika ofisini. Nawaomba msome hii kwanza. (Najua hamtasoma hii kwanza.)

Kwa wale mlioingia kwa kikundi hiki cha barua za kompyuta juzi: mimi ni Wangari, nafundisha taipu hapa Nyeri. Njeri ni mdogo wangu, anasoma ng'ambo. Mwangi, ambaye tulisoma naye sote na sasa anafanya kazi ya mchele kule Wang'uru, anataka kumwoa Njeri. Watu wa kwao wanakuja kwetu Jumamosi kuongea. (Mwangi, habari yako. Najua unasoma.)

Shida ilikuwa Njeri mwenyewe. Hajasema ndiyo, hajasema la. Barua ya posta ingemfikia wageni wakiwa wamekula, wameomba na wameenda zao. Mama akasema hawezi kukalisha wazee wa watu kwa nyumba yake bila kujua moyo wa mtoto wake uko wapi. Akatoka Karatina na kikapu cha ndizi, akaja kwangu. Alikuwa amesikia niko na mashini ya kupeleka barua ikafika hapo hapo.

Mashini niko nayo kweli. Ila mpaka leo asubuhi haikuwa imepeleka kitu. Barua zenu nimekuwa nikizisomea kule chuoni.

Programu yenyewe nilipewa kwa disketi na Kamau wa Murang'a, mnamjua nyote. Ni ile ya maandishi matupu. Hakuna picha, hakuna kubofya kitu. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, na chini kabisa safu ya herufi za kukuonyesha: hii ni ya kujibu, hii ya kufuta, hii ya kutoka. Unaiendesha kwa vidole tu. Nikasema, hiyo ni kazi ya mwalimu wa taipu! Mimi nachapa bila kuangalia kibodi.

Kwanza nikaingia kwa ukurasa wa mipangilio. Inataka jina lako. Nikaweka. Inataka jina la kompyuta inayopokea barua, na la ile inayozituma. Nikaweka, nikakosea nukta, na modemu, ile inayopitisha barua kwa waya wa simu, ikapiga kelele yake yote kisha ikanyamaza. Mama alikuwa ameketi nyuma yangu na koti lake, mikono magotini.

"Hiyo simu inaumwa na nini?" akauliza.

"Inaongea na nyingine, mama."

"Si waongee polepole."

Nikarekebisha nukta. Ikashika! Nilisimama nikacheza kidogo. (Mama hakucheza.)

Lakini hiyo programu ina maswali. Ukitaka kutoka, una hakika? Ukitaka kufuta, una hakika? Ukitaka kujibu barua iliyotumwa kwa watu wengi, nijibu wote ama mmoja? Ukitaka kutuma, nitume kweli? Mimi naulizwa maswali na wanafunzi mchana kutwa. Sikuja nyumbani kuulizwa na mashini. Nikarudi kwa mipangilio, nikakuta orodha ndefu ya visanduku, na viwili vyake vilinifurahisha sana. Kimoja kilisema, jibu wote bila kuuliza. Kingine, tuma bila kuthibitisha. Nikaweka X. Nikaweka X tena.

Hapo ndipo nilijimaliza, na nilikuwa nikitabasamu.

Sasa anwani ya Njeri. Ni ndefu kama namba ya injini ya gari, siijui kwa kichwa. Nikafungua ile barua aliyotuandikia sote wiki iliyopita kuhusu baridi ya huko, nikabonyeza herufi ya kujibu. Haikuuliza kitu. Nikaona adabu imeingia.

"Sema, mama. Sema kwa Kikuyu, mimi nitaandika."

"Hiyo mashini haijui Kikuyu. Ikikosea je?" Akasafisha koo, akainamia skrini kama mtu anayeongea na kiziwi. "NJERI MWANANGU!"

"Mama, hakusikii. Sema tu."

Mama akasema. Mimi nikachapa neno kwa neno, maana ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nafundisha. Mmeisoma, lakini kwa wale ambao hawajaisoma, afadhali muisikie kutoka kwangu:

"Watu wa Mwangi wanakuja Jumamosi. Mimi nimeangalia hiyo kijana sana. Kichwa yake ni kubwa, lakini iko na akili. Shida ni miguu. Miguu ni nyembamba, sijui kama alinyonya vizuri. Tena anakula polepole, mpaka chakula inapoa. Lakini hana kiburi, na siku ile nilimmwagia chai hakukunja uso. Baba yake ndiye anasema uongo kidogo. Ati ile ng'ombe ya maziwa ni yake, na Karatina yote inajua ni ya ndugu yake. Hiyo si neno. Kama unataka kijana, sema. Kama hutaki, sema mapema nisichinje mbuzi bure."

Mama akaenda jikoni kuangalia chai. Na mimi, nikiwa peke yangu, nikaongeza mistari yangu ya dada kwa dada.

(Hapa natamani umeme upotee kwenu nyote.)

Nikaandika: "Njeri, usimwambie mama. Kamau ananiandikia kila siku maagizo ya hii programu. Ukweli ni kwamba niliielewa siku ya kwanza. Najifanya sielewi ili asiache kuandika."

Nikabonyeza herufi za kutuma. Haikuuliza kitu. Chini ya skrini yakapita majina, mengi, haraka haraka. Nikadhani ni mashini inajisemea mambo yake. Ikasema barua imeenda. Nikakata laini, nikamwita mama, tukanywa chai.

Hatukuwa tumemaliza kikombe simu ikalia.

"Hello? Wangari? Ni Mwangi."

"Mwangi! Habari ya Wang'uru?"

"Nzuri. Mchele uko. Nimepata barua ya mama."

"Barua gani?"

"Ya miguu," akasema.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, kama ni yeye peke yake ameipata. Akasema hapana, juu kuna majina ya watu wote wa kikundi, na mwenzake hapo ofisini ameshaitoa kwa karatasi.

Watu wote. Nikafikiria mistari yangu ya chini. Nikaketi sakafuni, waya wa simu umenizunguka.

"Ni nani?" mama akauliza. Nikashindwa kudanganya. Nikasema ni Mwangi, na ameisoma. Nilitegemea mama aombe ardhi ipasuke, kama mimi. Mama akanyoosha mkono, akachukua simu.

"Mwangi, umesoma? Yote? Hata ya miguu? ... Eeh. Basi hakuna haja nirudie." Akasikiliza. "Usiombe msamaha, si wewe uliandika. ... Ati nini? Hata wewe ulijua ng'ombe si yake?" Mama akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Basi mwambie mzee asiitaje Jumamosi, tusiaibishane. Na wewe uje na suruali pana."

Akaweka simu chini. Akaniambia, "Hiyo kijana ni mzuri. Mtu anatukanwa na anapiga simu kusalimia."

Nikarudi kwa mashini. Modemu ikapiga kelele, ikashika. Zilikuwa zimeingia barua mbili, na zote mbili zilitumwa kwa kikundi kizima, kwa hivyo nyinyi mmeziona.

Ya kwanza ilikuwa ya Njeri. "Mama, chinja mbuzi. Mwangi, ndiyo. WANGARI UMETUMA KWA WATU WOTE!!!"

Nikamsomea mama ile ya mwanzo. Akafunga macho, akasema asante Mungu kimya kimya, akapangusa uso na kitambaa chake. Kwa dakika hiyo moja nilisahau aibu yangu. Mdogo wangu anaolewa, na habari imefika kwetu Nyeri kabla chai haijapoa.

Halafu nikafungua ya pili. Ilikuwa ya Kamau. Mnajua Kamau haandiki maneno mengi.

"Wangari, ingia kwa mipangilio, shuka mpaka visanduku vya kujibu, toa X mbili ulizoweka. Kama bado huelewi, Jumamosi niko huru, nitapanda Nyeri niiangalie mwenyewe."

Nilijaribu kuficha skrini kwa mgongo. Lakini mama alikuwa ameshavaa miwani, amesimama nyuma yangu, anasoma barua ile nyeupe kwa nyeusi, herufi moja moja, mpaka mwisho. Kisha akaniomba nimwonyeshe na ile ya kwetu iliyoenda, yote, pamoja na sehemu ya chini.

Akaisoma. Akavua miwani.

Basi msinicheke, nimejicheka vya kutosha. X zile nimezitoa. Hii nimeituma kwenu nyote kwa makusudi, na nimeulizwa kama nina hakika, nikasema ndiyo. Na wewe Kamau, njoo Jumamosi, ila uje Karatina, sote tutakuwa huko, na mama anataka kujua kwanza: wewe ni mtoto wa nani?