Mgeni na Koti la Marehemu

Leo nimejivua nguo mbele ya watu. Na afadhali ningejivua zangu kweli, maana niliyemvua ni mama wa watu, tena msibani, jeneza likiwa bado ndani.

Nianze mwanzo. Mnaonijua mnajua niko Tanzania muhula huu, kwa ule mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi. (Msionijua, kaeni hivyo hivyo. Ni salama.) Likizo hii rafiki yangu Agripina akanileta kwao Mpanda. Tumekuja kwa gari la kaka yake, Deo, njia yote kutoka Dodoma, na leo tulikuwa twende kutazama viboko Sitalike. Jana mchana simu ikapigwa pale kwao, mtaa wa Shanwe. Babu yao mzaa mama, kule Kasansa, amefariki. Safari ya viboko ikageuka safari ya kuzika.

Asubuhi tukasimama Sitalike tunywe chai. Mimi, kwa Kiswahili changu cha Nakuru, nikamwambia mama muuzaji, "Nipe chai na chapati mbili."

Akanitazama juu mpaka chini. "Kwani uliniachia lini?"

"Msamehe, mama," Agripina akadakia. "Ni Mkenya."

Mama akatikisa kichwa kwa huruma, kama aliyeambiwa naumwa.

Garini nikapewa somo. Huku husemi "nipe", unasema "naomba". Mtu mzima humwambii "sasa", unamwamkia shikamoo, na ukipiga goti kidogo ndiyo vizuri zaidi. "Na msibani ndiyo kabisa," Agripina akasema. "Heshima kwanza. Usije ukaniaibisha kwa bibi yangu."

Nikajiapiza. Leo hakuna mtu Katavi nzima atakayenizidi heshima.

Tulipofika Kasansa nikaanza kazi. Nilimpigia goti kila mtu. Nilimwamkia mpaka kaka mmoja wa rika langu aliyekuwa anapasua kuni (akaitikia marahaba bila haya). Nikaingia ndani, nikakaa mkekani na wanawake, karibu kabisa na bibi mfiwa. Bibi alikuwa hajala tangu jana. Hasemi, analitazama tu jeneza la mumewe. Nikaanza kulia, na babu mwenyewe sikuwahi kumwona.

Ndipo akaingia mama mmoja mtu mzima, amevaa koti la suti la kiume. Nilijua ni la marehemu, kwa sababu ndilo alilovaa kwenye picha iliyowekwa juu ya jeneza. Kichwani ana kofia ya marehemu, mkononi fimbo yake. Akawa anachechemea huku na huku, anakohoa kikohozi cha kizee.

"Ugali wangu uko wapi?" akauliza kwa sauti nzito. "Au nyie mnadhani nimekufa?"

Kisha akaligonga jeneza kwa fimbo. "We Kalisto, mchoyo mkubwa. Kuku wa watu umekula, leo unajifanya umelala. Hutoki humu mpaka uniombe radhi."

Nikaangalia wanaume. Wameinamisha vichwa. Nikadhani wanamwogopa. Nikadhani amelewa. Nikamwangalia bibi: amejifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Moyo ukaniuma. Bibi analia, na watu wazima wote wamekaa tu.

Nikasimama.

"Wewe mama, huna aibu? Toa hiyo koti!"

Hakutoa. Nikalishika, nikavuta. Akavuta na yeye. Mkono mmoja ukachomoka, wa pili ukafuata, kofia ikaanguka, mama akakaa chini puu, na mimi nikabaki nimeshika koti kama muuza mitumba.

Hapo mwenye akili angekimbia. Mimi nikaongeza hotuba. "Nyinyi wote mnaangalia tu, marehemu anatukanwa?"

Bibi akafunua khanga. Machozi yalikuwepo, ndiyo. Ila alikuwa anacheka, na alikuwa anacheka toka mwanzo.

"Mwanangu," akasema, "huyo ni mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu wanataniana toka enzi za mababu. Leo kazi yake ndiyo hiyo. Asipokuja yeye, nani atatuinua hapa chini? Mrudishie."

Nikamtafuta Agripina kwa macho. Alikuwa mlangoni, ameziba uso kwa viganja vyote viwili. (Amenifundisha "naomba" kilomita zote zile. Habari ya watani akasahau.)

Nikapiga magoti. Nikamvalisha yule mama koti, nikamfunga vifungo kimoja kimoja, msiba mzima unatazama. Vilikuwa vifungo vitatu. Nilivyoona mimi vilikuwa thelathini.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Shikamoo."

Akalivuta koti likae sawa. Halafu, kwa sauti yangu kabisa, na lafudhi yangu, akasema, "Toa hiyo koti."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Katekista aliyekuja kuongoza sala akageukia ukuta.

Akatangaza adhabu: mgeni aliyemwangusha mtani anazika peku. Akanivua viatu, akavivaa yeye. Nimekwenda makaburini bila viatu, kwenye mbigili, nyuma yangu mtani anaigiza ninavyorukaruka. Waliobeba jeneza walisimama mara mbili kwa kucheka.

Ila kaburini, jeneza lilipoanza kushuka, yule mama alivua kofia, akaibana kifuani, akalia kuliko sisi wote. Hakuna aliyemnyamazisha. Bibi ndiye aliyekwenda kumshika mkono. Hapo ndipo nilipoona aibu kweli, kuliko hata pale ndani.

Bibi amekula. Kila tonge la pili anaweka chini, ananitazama, anacheka, anafuta macho kwa khanga. Agripina anasema nimesaidia. Anasema hivyo bila kunitazama.

Mimi nimekaa nyuma ya jiko, nachomoa miiba kwenye nyayo. Chekeni mkitaka, kijiji kizima kimewatangulia. Nawaomba kitu kimoja tu: mama yangu asisikie. Yeye anajua nimekuja Tanzania kusoma.