Kiuno cha Ukurasa wa Tano

Jumatatu, 3 Juni
Nimeamka mzima, namshukuru Mungu. Binti yangu mchoraji anamalizia kitabu cha picha cha watoto: kitoto cha mjini kinachochorachora kwenye ngazi zote za ghorofa kwa chaki ya fundi cherehani. Ni yeye! Na chaki ni zangu! Enzi hizo nikishona, yeye yuko chini ya meza, vidole buluu, ananiuliza kama ndege wana magoti. Machozi yakanilenga. Nikafungua ukurasa wa tano. Mama wa kitoto, yaani mimi, kajaa mlango mzima kama gunia la pamba! Ukurasa wa sita, wifi yangu, mwembamba kama sindano. Wifi mwenyewe, aliyekuja kutusalimia, akasema eti mtoto kapatia, mkono wa msanii hausemi uongo. Nikacheka. Kwa meno tu.

Jumanne, 4 Juni
Nimevaa gauni la mistari ya wima, eti linapunguza mwili. Nimekaa dirishani kiubavu, tumbo ndani. Binti kashika penseli! Nikabana pumzi mpaka masikio yakavuma. Kumbe anachora cherehani. Akaniuliza, Mama, unaumwa?

Jumatano, 5 Juni
Kesho picha zinakwenda kwa mchapaji. Ukurasa mmoja ukikosekana, kitabu hakitoki mwaka huu. Binti katoka kununua rangi. Nikasali kidogo. Nguo ikipwaya, fundi hufanyaje? Hupunguza! Nikapiga chaki, nikaukunja ukurasa kiunoni, kushoto na kulia, nikashona kwa mkono. Kazi safi! Ila mlango nao umepata kiuno, na paka aliyechorwa kando yangu kapoteza kichwa.
Binti karudi, kaona. Akaketi, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja. Heri angepiga kelele.

Alhamisi, 6 Juni
Mchapaji kaombwa, kakubali kungoja hadi kesho. Binti anachora upya, macho mekundu. Nikampelekea chai, nikamwomba radhi. Akasema sikuchorwa mnene, nimechorwa jinsi alivyokuwa akiniona akiwa chini ya meza. Kwamba nikisimama mlangoni, hakuna baya lililoweza kupita. Ee Mungu wangu! Nimelia mpaka shati la mteja likalowa.

Ijumaa, 7 Juni
Ukurasa mpya unakauka mezani. Safari hii nimeupita hata mlango kwa upana! Sijawahi kupendeza hivi. Nimetubu mbele za Mungu: kazi ya mtu haiguswi.
Ila kilemba changu amekichora kimekaa upande. Watoto wa watu watasemaje? Binti anaoga. Sindano ninayo mkononi. Kishono kimoja tu.