Maandazi Mawili Kwenye Altari ya Kiitalia

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa suti. Naandika kwa hasira, kwa hiyo mkiona herufi zimekosewa, mjue sababu. Namkasirikia Eliya. Namkasirikia na mchoraji mmoja Mwitalia aliyekufa mamia ya miaka iliyopita, ambaye siwezi tena kumfanya kitu. (Angekuwa hai ningemfuata mpaka kwake!)

Wengi wenu mnamjua Furaha wangu. Jumamosi hii wajomba zake wanakaa kikao kupokea posa yangu. Wajomba hawana neno. Mwenye neno ni mama yake, Mama Furaha wa Liverpool (hii yetu ya huku, si ile ya mpira), Mkongo wa Uvira, Mkatoliki wa kuamka na rozari na kulala na rozari. Mimi ni Mrundi wa mtaa wa Minto, mlokole, nimekulia kambini Kigoma kwenye kanisa la turubai lisilokuwa hata na kalenda ukutani. Mama Furaha alishasema wazi: "Mutu asiyejua watakatifu, watoto wake watajua nani?" Akikataa Jumamosi, basi. Miaka mitatu ya kumpenda Furaha inaishia kwenye soda na kuagana.

Sasa Eliya, ambaye tunaendesha naye forklift kwenye maghala ya Wetherill Park, akaniletea ushauri.

"Mate, mpeleke mama mjini. Kwenye lile jumba la picha wameleta altari ya zamani ya Italia, imejaa watakatifu. Wewe umweleze mmoja mmoja. Akitoka pale anakuita mwanangu."

"Watakatifu wenyewe siwajui."

"Kwani nani atakusahihisha? Easy!"

(Eliya naye ni mlokole. Kipofu kamwongoza kipofu, na shimo nimelikuta peke yangu.)

Asubuhi tukapanda treni Liverpool. Adabu zetu mnazijua: mkwe hakai na mama mkwe wala hamtazami usoni. Yeye mbele, mimi nyuma viti vitatu, Furaha katikati akipeleka maneno huku na huku. Nilikuwa nasoma kwenye simu: mwenye funguo ni Petro, mwenye nguo ya ngozi ni Yohana. Hapo chaji ikaisha. Watakatifu wawili tu!

Furaha aliniona jasho linanitoka. "Babe, please. Kama hujui, sema hujui."

"Najua," nikamwambia. (Neno hili liandikwe kwenye kaburi langu.)

Tukafika. Kusema kweli, kitu kile kinatisha kwa uzuri. Mbao ndefu zimeunganishwa, dhahabu kila mahali. Bikira Maria amekaa katikati kwenye kiti cha enzi, amempakata Mtoto mwenye uso wa mzee wa kikao. Pembeni wamesimama watakatifu, kila mmoja chini ya upinde wake, kashika chake mkononi. Mama Furaha akapiga magoti palepale sakafuni. Mlinzi akasogea. Mama akamaliza sala yake bila haraka, akainuka, akajifuta magoti.

"Furaha, uliza uyu kijana, ule wa mafunguo ni nani?"

"Petro," nikasema.

"Na ule wa ngozi?"

"Yohana Mbatizaji. Alikula nzige."

"Mm," akasema Mama. Hiyo "mm" ilikuwa tamu, jamani! Nikaona harusi. Nikaona mpaka keki.

Furaha naye, alipoona mambo yananyooka, akasema anakwenda toilet. (Furaha, hili sijakusamehe.)

Tukabaki wawili bila mpatanishi. Mama akawa anauliza ukuta, kwa adabu, na mimi nikawa naujibu ukuta.

"Na ule wa tatu?"

Wa tatu alikuwa kashika chuma chenye fito fito. Nikakiangalia. "Huyo ni mtakatifu wa mafundi wa kuchomelea. Ameshika grili ya dirisha."

Mama akasogea hatua moja.

"Na ule dada wa sahani?"

Alikuwa msichana mzuri, mtulivu. Sahani yake ilikuwa na vitu viwili vya mviringo, vimeumuka vizuri, kila kimoja na kama zabibu juu yake. Hapo ningesema sijui, leo ningekuwa mtu! Lakini ile "mm" ilikuwa imenipanda kichwani.

"Huyo alikuwa anapika maandazi," nikasema. "Alilisha maskini. Ona yalivyoumuka! Na nimesikia ya Mama nayo hayana mfano. Jumamosi nitashukuru sana nikionjeshwa."

Mama Furaha akajifunga kitenge vizuri kifuani. Nilidhani ni baridi ya AC.

Kumbe nyuma yetu alisimama bibi mmoja wa Kizungu mwenye beji, anayejitolea kuwaeleza wageni. Akauliza ni lugha gani hiyo, nikamwambia. Akafurahi, akaanza kueleza kwa Kiingereza. Msichana huyu alitakwa na mkubwa mmoja wa serikali. Akamkataa. Yule mkubwa akaamuru akatwe matiti, na ndiyo hayo kwenye sahani. Na jirani yake alichomwa juu ya chuma kile kama nyama.

"Mtafsirie mama yako, please!" akasema.

Matiti!

Someni tena hapo juu nilichomwomba mama mkwe Jumamosi. Mimi siwezi kukirudia.

Na sasa nitafsiri! Neno hilo kwetu hulitamki mbele ya mama mkwe hata ukiamriwa na daktari. Bibi anatabasamu, anasubiri. Watalii wawili wamesimama kusikiliza Kiswahili. Nilimchukia yule bibi, beji yake, Italia nzima na kodi yangu inayowasha taa za jumba lile. Nikatazama viatu vyangu.

"Anasema... huyu dada... walimkata mikono."

Mama akaitazama picha muda mrefu.

"Mikono," akauambia ukuta. "Na sahani anaishika na nini?"

(Mikono! Anayo yote miwili! Imeshika sahani!)

Kisha akamgeukia yule bibi, akamjibu kwa Kiingereza kilichonyooka: asante, mpenzi, namjua huyu tangu utoto, nilibatizwa jina lake.

Miaka minane Mama Furaha anaogesha wazee wa Kizungu kwenye nyumba ya wazee. Mimi nilidhani anaongea nao Kibembe cha kwao? Na kumbe anaitwa Agata! Miaka mitatu namwita Mama Furaha, maana ndiyo heshima. Nani anauliza jina la mama mkwe? Leo nimelijua, na nimelijua kwenye sahani.

Furaha akarudi akijifuta mikono. "So, mmefika wapi?"

"Tumefika kwa somo yangu," akasema Mama. "Ambia uyu kijana, Agata alijulikana kwa kitu moja. Kukataa wanaume."

Tukapanda treni ya kurudi Liverpool. Nilikaa nyuma viti sita. Nilikuwa na hasira ya kulia, nawaambia ukweli, maana yule msichana nampenda, na nilikuwa nimempoteza kwa sababu ya neno moja, "najua".

Tuliposhuka, Mama akasimama, kanipa mgongo.

"Furaha, ambia ye akuje Jumamosi."

Nikaiona tena ile keki.

"Ni muongo. Lakini lile neno ya sahani limemushinda kutamka mbele yangu. Mutu wa haya anaweza kufundishwa." Akarekebisha mkoba. "Padri atakuwa pale. Uyu kijana ataanza mafundisho na watoto ya komunyo ya kwanza, atakaa na wao kwa kibenchi yao. Na chai tutamupa na mkate. Maandazi, hapana."

Basi ndiyo hivyo. Posa imepona, mimi nimekufa. Eliya, kesho tuko shifti moja, njoo na helmeti. Na wewe unayecheka hapo, ukinitumia picha ya andazi hata moja, nakublock mpaka siku ya harusi.