Utaratibu wa Kumlinda Mlalamikaji

Idara ya Mihuri ilitangaza kwa fahari kubwa, mbele ya wafanyakazi wote na keki moja, kwamba uonevu kazini umekomeshwa. Waliokuwa macho walipiga makofi, waliosinzia wakaamshwa wapige. Mwenyekiti wa Kamati ya Utulivu alieleza siri ya mafanikio hayo: badala ya kumsumbua mwonevu, ambaye ana majukumu mengi, kamati humlinda mlalamikaji kwa kumhamishia mbali naye.

Mlalamikaji alikuwa mmoja tu, karani wa mihuri. Hotuba aliisikilizia koridoni, mlangoni mwa choo, ambako meza yake ilikuwa imehamishiwa jana yake.

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo. Mkurugenzi, ambaye ofisi nzima ilimwita Radi akiwa hayupo, alikuwa na mazoea ya kumnyang'anya karani kiti kila kikao. "Wewe simama," alikuwa akimwambia. "Ukikaa, na akili inalala." Wenzake walicheka, maana kucheka kulihesabiwa kama ushirikiano. Siku moja karani akachoka, akalalamika.

"Mama, tuwe watu wazima," mwenyekiti alimwambia kwa upole. "Marehemu aliyekuwa na meza hii kabla yako alikaa na Mkurugenzi miaka mingi. Ulimsikia akilalamika?"

"Hapana."

"Umeona!"

"Na sasa ni marehemu."

Kamati ikaandika kwamba mlalamikaji ameafiki.

Marehemu huyo ndiye aliyemfundisha karani kazi. Kila alipofokewa alikunywa chai polepole katika kikombe chake cha bati, kisha akanong'ona, "Funika kombe mwanaharamu apite." Wanaharamu walipita wengi, kombe likabaki limefunikwa mpaka siku alipozikwa. Sasa kikombe kilikuwa mezani kwa karani, na kila meza ilipohamishwa alikibeba mwenyewe mkononi.

Pale chooni hakukaa sana. Mkurugenzi naye ni binadamu, alikuwa na haja zake, na kila akipita hakukosa neno. "Naona umepanda cheo, unasimamia maji!" Karani akalalamika, kamati ikamlinda chini ya ngazi. Huko Radi akawa anamwangushia mafaili kutoka juu, kuokoa muda. Akalalamika tena, wakamlinda hadi getini, kando ya mlinzi.

Jioni hiyo dada yake alimpigia simu.

"Mdogo wangu, sasa wamekutoa nje kama paka. Unangoja nini? Cherehani ya pili iko hapa dukani inakula vumbi."

"Nikiondoka watasema nimeshindwa."

"Na ukibaki watakusomea risala nzuri kaburini. Hakuwahi kutusumbua, watasema."

Karani alikitazama kikombe.

"Haya, dada. Nikiamka vizuri Ijumaa, nakuja."

Lakini kamati ilisahau jambo moja: mihuri huenda aendako karani. Zamani mwananchi alipanda ghorofa zote, akagongewa muhuri, kisha akapita kwa Radi kwa hatua iliyoitwa uhakiki, yaani kufokewa. Sasa aligongewa getini, akasema asante, akaenda zake.

"Mama, umetuharibia," mlinzi alilalama huku akicheka. "Watu walikuwa wanashinda hapa, nikapata wa kupiga nao soga. Sasa hawakai!"

Juu kukawa kimya. Radi alifoka, akajibiwa na mwangwi. Akashuka mbio mpaka getini.

"Nani kakuruhusu kugonga mihuri barabarani?"

"Wewe baba," alidakia bibi mmoja mwenye kikapu, "foleni inaanzia kule."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani hakucheka. "Karibu, mheshimiwa," alisema. "Nyuma ya yule kijana."

Mkurugenzi alikwenda moja kwa moja kwenye kamati. Alikuwa amedhalilishwa hadharani, alisema. Alidai hatua zichukuliwe mara moja, kwa mujibu wa utaratibu aliousaini kwa mkono wake.

Kamati haijawahi kushughulikia lalamiko haraka namna ile.

Ijumaa asubuhi karani alikwenda koridoni kusuuza kikombe, barua ya kuacha kazi ikiwa mkobani. Mlangoni mwa choo akakuta meza kubwa ya mninga, imeziba nusu ya njia, na nyuma yake amekaa Radi, magoti yakigusa ukuta.

Karani alisuuza kikombe bila haraka. Kisha akatoa simu.

"Dada, hiyo cherehani itafutie mtu. Siji."

Akageuka aondoke.

"Mama," Mkurugenzi aliita, kwa sauti ambayo ofisi ile haikuijua. "Hivi hapa mtu hukaa mpaka lini?"

"Mpaka alalamike tena, mheshimiwa."