Meza ya Kina Bigirimana

Jumatatu, 19 Agosti 2002
Madame Daphrose, mkubwa wetu hapa kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, anamwoza binti yake Joëlla Jumamosi. Wageni mia mbili na kumi. Atakayewapanga mezani bila ugomvi atapewa chumba cha kompyuta, chenye klimatizeri, ile mashine ya kuleta baridi. Atakayeshindwa ataenda hangari la ndagala. Hilo la mwisho alilisema akiniangalia mimi, Népomuscène.

Miaka miwili nilihesabu magunia ya samaki wakavu mle ndani. Paka wa mtaa mzima walikuwa wananisindikiza nyumbani. Sirudi.

Rénovat, mwenzangu wa ofisini, ametoa daftari na kalamu. Daftari, mwaka huu! Maskini.

Jumanne, 20 Agosti
Nina silaha mbili. Ya kwanza ni kichanganuzi. Kinasoma maandishi yenye alama, kinajua hapa ni <mgeni>, hapa ni <jina>, kisha kinakata vipande. Ya pili ni Perl, lugha ya kuipa kompyuta amri fupi fupi. Kichanganuzi peke yake kinasoma tu, hakitendi. Perl peke yake inatenda, lakini haijui mgeni ni yupi na jina ni lipi. Nimevifungisha ndoa. Harusi ya kwanza wiki hii ni yangu.

Mfano nimeutoa kwenye kitabu cha Ufaransa. Kule wamewapanga kina Dupont wote meza moja. Nimenakili vile vile: wenye jina moja, meza moja, na kila meza kreti moja ya bia. Mistari arobaini. Nimejipongeza kwa brosheti mbili za nyama ya mbuzi.

Alhamisi, 22 Agosti
Usiku bunduki zililia upande wa Kinama, asubuhi umeme hakuna. Nimengoja mpaka saa tisa mchana. Uliporudi, orodha nzima ikatoka kwa sekunde nne.

Rénovat bado anazunguka akiuliza huyu ni shemeji wa nani, yule kakosana na nani. Amechungulia karatasi yangu, akakuna kichwa, akaniambia, "Ndugu yangu, hayo majina uyaangalie tena." Wivu. Nimemshauri akanywe chai.

Madame amependa fremu ya maua niliyoweka pembeni. Ameikubali orodha bila kuisoma.

Jumamosi, 24 Agosti
Aibu kubwa. Niandike upesi kabla mkono haujagoma.

Ukumbi ulikuwa Mutanga Nord, saa saba mchana, maana jioni barabara zinafungwa. Wageni wakaanza kutafuta meza zao. Mume hapa, mke kule. Baba huku, watoto kila mmoja kona yake. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Nyumba ya watu wanane ina majina manane. Hata mimi na baba yangu hatuna jina moja. Nalijua hilo tangu utotoni, ila kitabu hakikulijua.

Mzee Astère Bigirimana, baba wa bibi harusi, alijikuta karibu na mlango wa jiko na kina Bigirimana kumi asiowajua: mchungaji wa Ruziba, mwanajeshi mstaafu, fundi baiskeli wa Kamenge, na wengine. Shangazi Béatrice, ambaye jina lake la pili halina mwenzake, alikaa peke yake na kreti nzima. Madame akaanza kunitafuta kwa macho. Nikaingia chini ya meza ya keki.

Nikiwa huko nikasikia mchungaji anacheka. Akasema kumbe wako wengi hivi, basi leo wao ndio familia. Mwanajeshi akamfungulia fundi baiskeli chupa, Mzee Astère akacheka kwa sauti. Mitaa yao haijanywa pamoja tangu vita vianze mwaka 93. Meza nyingine zikaiga. Shangazi Béatrice akatangaza kwamba asiye na ndugu aende kwake, na nusu ya ukumbi ikaenda. Saa kumi na moja ikabidi watu wasukumwe nje ndipo watoke. Nililia chini ya ile meza, furaha na woga pamoja.

Jumatatu, 26 Agosti
Nimeitwa. Nilishavaa viatu vya hangari.

Madame akasema mume wake hajacheka vile kwa miaka tisa. Kina Bigirimana wameunda chama, watakutana kila mwezi, katibu ni fundi baiskeli. Akanipa ufunguo. "Mi sijui ulifanyaje," akasema, "lakini shika."

Nina chumba! Nina baridi!

Boti ya Kigoma imefika asubuhi na mizigo ya watu mia tatu. Sina haja ya kuandika programu mpya. Nimefuta <mgeni>, nimeweka <mzigo>. Wenye jina moja, rundo moja. Wabebaji wameshaanza kupanga.

Rénovat amekuja mbio, anasema kuna jambo kuhusu majina. Nimemfungia mlango, baridi isitoke nje.