Mwaka Niliofundisha Ubao

Jumatatu, 15 Juni 2009. Mwakiro

Hili sijamwambia mtu, hata padri. Mwaka mzima nimefundisha darasa la nne nikiwa nimewapa mgongo. Natazama ubao. Naongea na ubao. Nikigeuka na kuyaona macho ya watoto karibu themanini, ulimi unakauka, basi sigeuki. Sura zao sizijui. Wao kisogo changu wanakijua vizuri sana, nadhani. Mwandiko wangu ubaoni unapendeza kuliko wa mwalimu yeyote Muyinga. Kelele za darasa langu pia hazina mfano.

Leo Direkta Damiano, mkuu wetu wa shule, ametutangazia walimu wapya. Mwezi ujao twende Gitega. Kila mmoja atasimama mbele ya mkaguzi, Mama Klara, aeleze alivyoliongoza darasa lake. Asiyeridhisha hatapangiwa shule Septemba.

Nisipopangiwa niende wapi? Tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Ngara tulikuta watu kwenye shamba letu. Tukapatanishwa, likakatwa katikati. Nusu yetu inamtosha baba na maharage yake. Nina miaka kumi na tisa na sina pa kupigia jembe. Shamba langu ni hili darasa.

Lazima linyamaze kabla ya Gitega. Nina akili, nitapata mbinu.

Jumatano, 17 Juni

Nimenunua filimbi. Akilimali, Mkongomani anayeuza vikorokoro sokoni, akaniuliza mi nafundisha watoto ao nachunga mbuzi. "We mwalimu, hii iko ya arbitre wa mpira!" Nikamwambia atulie, ni mbinu ya kisasa.

Leo nimeipuliza mara moja, kwa nguvu zote, uso ubaoni. Kimya! Kimya kabisa! Nimefurahi mno. Nikaandika somo zima la kugawanya, mistari imenyooka kama uzi. Namaliza, nasikia shangwe uwanjani. Darasa lote linacheza mpira. Filimbi kwao ni mpira, hawakuona kosa.

Direkta alikuwa amesimama mlangoni. Tangu lini, sijui. Sikuwa nimegeuka.

Ijumaa, 19 Juni

Nimempeleleza Letisia. Naye ni mwalimu mpya, ila ni wa hapahapa, kwao hawakukimbia. Niliingia darasani kwake nikijifanya naomba chaki. Kimya kama kanisani! Hana fimbo. Hana filimbi. Anasimama tu, anawatazama, anasubiri. Anamwita kila mtoto kwa jina lake. Mbinu hapo iko wapi? Huyu anaficha kitu.

Jioni nilikuwa narudi nyumbani na hindi la kuchoma, natafuna njiani. Nyuma yangu vicheko. Wanafunzi. Huenda ni wangu. Letisia akanifikia mbio, ameona haya kana kwamba mwenye hindi ni yeye. "We Kastori! Mwalimu anatafuna mu barabara? Mu macho ya batoto?"

Akanieleza kwamba hapa mtu mzima mwenye heshima zake hali huku anatembea. Chakula ni cha ndani ya nyumba. Mtoto akishakuona unatafuna njiani, atanyamaza kwa sababu gani? Kambini tulikula pale chakula kilipotukuta, maana ukisubiri kufika ndani hukikuti. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikameza maneno. Na hindi.

Lakini sasa nimemgundua! Siri yake ndiyo hii. Mwaka mzima hakuna aliyemwona akila.

Jumatatu, 22 Juni

Mbinu mpya: wasinione nikila. Kabisa. Mapumziko walimu wenzangu wanakula maharage na ndizi, dirisha liko wazi, mimi nasahihisha tu. Nyumbani jirani yetu ni mzazi wa mwanafunzi, na ua ni miti mitatu na kamba. Nasubiri aingie ndani. Haingii! Anapenda hewa. Dada yangu Theodosia ameniuliza naumwa nini. Nimemjibu: heshima.

Kelele ziko palepale. Heshima inachelewa, nadhani.

Alhamisi, 25 Juni

Nimeanguka.

Nilikuwa naandika mito ya nchi. Nilipofika Ruvubu, ubao ukainama, mimi nao. Nikafungua macho niko chali sakafuni, na wao wote wamenizunguka. Mara ya kwanza kuwaona! Mmoja ana kovu kwenye nyusi. Wawili ni mapacha, mwaka mzima sikujua. Hakuna aliyekohoa. Kimya ambacho hata Letisia hajawahi kukipata!

Mmoja alikuwa ananipepea na daftari. Msichana mwenye pengo akanishika mkono, akasema anaitwa Kasilda. "Mwalimu, usife. Tulikuwa tunapiga kelele ili ugeuke tu." Halafu akalia, na wengine wakamfuata.

Sikuelewa alitaka nini. Wakanibeba hadi nyumbani. Njia nzima kimya. Nimelala hapa nakiwaza kimya kile.

Ijumaa, 3 Julai. Gitega

Tumefikia nyumba ya wageni huku mtaa wa Yoba. Kikao kilikuwa asubuhi. Letisia akasimama, akasema alianza kwa kujifunza majina yao, basi, akaketi. Makofi! Kwa majina!

Zamu yangu. Nikasimama, nikayaona macho ya walimu, nikageukia ubao. Nikaandika "Kuongoza darasa" kwa mwandiko mzuri ajabu. Nyuma yangu minong'ono, kisha vicheko, kisha kelele hasa. Walimu wazima! Mama Klara akaniamuru nigeuke. Nikageuka. Niliyoyasema siyakumbuki. Nadhani nilitaja filimbi.

Mchana akaniita pembeni. Akasema Direkta ameniombea. Akasema watoto walionibeba walikwenda wenyewe kwa Direkta kuuliza kama nitarudi. Nikatazama viatu vyangu. Amenipa muhula mmoja. Septemba atakuja Mwakiro, aketi benchi la nyuma. Akikuta kelele, nikalime. Nikalime wapi, sikumuuliza. Anachoniomba ni kimoja tu, niwatazame watoto.

Nitawatazama. Nikiwa sakafuni.

Mpango umekamilika. Mkaguzi anaketi, naandika tarehe, naanguka. Kimya papo hapo! Na safari hii bila njaa, kwa ufundi. Tangu saa kumi najizoeza hapa chumbani. Ubavu wa kulia unauma. Wa kushoto afadhali. Magoti kwanza, kisha bega, kichwa mwisho. Mara hii ya karibuni nimeangusha kiti na beseni. Maji yamepenya kati ya mbao za sakafu. Chini ni chumba cha Mama Klara.

Hatua ngazini. Letisia anasema, "Ni kwa Kastori, Mama, haki ya Mungu iko anavunja kitanda." Ukurasa huu uingie chini ya godoro, upesi. Nikawafungulie, niwatazame usoni, nieleze?

Hapana. Wanikute nimeshaanguka.