Mwenyekiti wa Mifereji ya Sola

Jumatatu, 1 Desemba 1997

Nimechaguliwa! Mwenyekiti wa kamati ya kutunza ardhi ya uwanja wa sola. Nimemshinda Ruthu Mazengo, mkulima, mwimbaji wa kwaya, mwanamke asiyejua kunong'ona. Sasa ni makamu wangu. Hakufurahi. Nikafurahi kwa niaba yetu sote wawili.

Kazi yenyewe nzito. Sola ndiyo inayoendesha pampu ya kisima chetu. Kabla yake kina mama walikuwa wakifukua mchanga wa mtoni kutafuta maji, mke wangu Sikudhani akiwa mmoja wao. Lakini mafundi walifyeka mteremko wote wakati wa kusimika mitambo, na udongo umebaki uchi. Mhandisi Erica kutoka Dodoma mjini katuambia mvua kubwa ikija, udongo utahama na mitambo pamoja. Anataka mfereji upande wa juu, mawe kwenye korongo, nyasi kila mahali. Anakuja kukagua Jumamosi.

Ruthu akataka tuanze na mfereji kesho asubuhi. Nikamwambia mwenyekiti atatafakari.

Nimetafakari. Mfereji hauonekani kutoka barabarani. Bustani inaonekana!

Jumatano, 3 Desemba

Maua yamewasili kwa basi la kutoka mjini. Nimeyapanda mbele ya uzio. Mazuri mno! Dukani kwangu wateja hawazungumzii kitu kingine. (Wawili. Lakini ni wateja wazuri.)

Upungufu ulikuwa mawe ya kuandikia KARIBU MHANDISI. Ruthu na wenzake walikuwa wamepanga mawe safi sana ndani ya korongo, ati yapunguze kasi ya maji. Maji gani? Korongo kavu kama kisigino. Walipokwenda mazoezi ya kwaya nikayahamisha kwa toroli, nikayapaka chokaa.

Mawe yameishia KARIBU MHAND. Nitasema ni kifupi.

Alhamisi, 4 Desemba

Siku ya nyasi. Mbaya.

Nyasi za kupanda huchelewa kushika, na Jumamosi haisubiri. Nikakata majani marefu kule bondeni, nikayachomeka ardhini mstari kwa mstari. Mteremko ukawa kijani kama zulia la msikitini! Nikaenda kunywa chai. Kurudi, mbuzi wa Nikodemo wako katikati wanakula zulia. Nikamfuata Nikodemo, nikamtishia kwa jina la kamati. Akajibu kwa upole kwamba majani yaliyopandwa huwa na mizizi, akanipa pole.

Ruthu alicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Kisha akauliza mawe yake yako wapi. Nikamjibu kamati imeyapangia matumizi mengine. Akanionyesha kwa kidole wingu jeusi juu ya kilima. Nikamwambia mawingu ya huku hupita kutusalimia tu.

Ijumaa, 5 Desemba

Halikupita.

Natoka kuswali Ijumaa, mvua ikashuka kama imemwagwa kwa ndoo. Nikakimbia uwanjani na kanzu yangu kuokoa maua. Nilipofika nikasikia mngurumo. Korongo lilikuwa likishusha maji mekundu, hakuna jiwe hata moja la kuyazuia, na yalikuwa yanaelekea katikati ya mitambo. Mguu mmoja wa chuma ulikuwa umeanza kuonekana mpaka kwenye zege.

Nikasogea nitazame vizuri. Nikateleza. Nikaingia korongoni mzimamzima!

Nilipiga kelele kwa ajili yangu mwenyewe, naandika ukweli. Lakini watu walidhani nimewaitia hatari ya mitambo, wakaja na majembe kijiji kizima. Ruthu mbele.

"Mwenyekiti, toka humo," akasema, "au tukufukie na cheo chako!"

Wakanivuta. Ruthu akatazama mteremko, akasema njia iliyobaki ya kuyageuzia maji ni moja: katikati ya bustani. Nikatoa ruhusa. Walikuwa wameshafika nusu. Maua yakaenda na maji, mekundu, meupe, ya njano. Mawe yakarudi korongoni; nilibeba K na A kwa mikono yangu mwenyewe.

Maji yakasita. Yakageuka. Yakashika mfereji mpya yakateremkia porini, na mitambo yote imesimama!

Nikakaa matopeni, nikalia. Sikudhani akaniuliza kama nalilia maua. Nikasema ndiyo. Si kweli. Nilikuwa nimemwona amesimama mvuani na jembe mkononi, nikamkumbuka alivyokuwa akirudi kutoka mtoni na ndoo nusu.

Jumamosi, 6 Desemba

Mhandisi Erica kafika. Kazunguka uwanja wote. Akauliza ni nani aliyeamua mfereji upite pale.

Ruthu akanitazama. Nikatafuta uongo, kwa mara ya kwanza maishani sikuupata.

"Kamati," Ruthu akasema.

Ningeweza kumkumbatia, kama si mumewe kuwepo!

Mhandisi akasema ndipo hasa penyewe. Urefushwe, kingo zake zipandwe nyasi za kweli, na Ruthu asimamie kazi. Mimi nibaki kuendesha vikao. Nikashukuru kwa dhati. Kisha jua likatoka, pampu ikaguna, bomba likakohoa, na maji yakaja. Alhamdulillahi! Sikudhani aliyanywa kwa kiganja, akanirushia mengine usoni.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimelala siku mbili kama mtoto. Leo Ruthu kasafiri kwenda Chemba, harusi ya mdogo wake, nami nikaenda kuutembelea mfereji wetu.

Kule mwisho maji yametuama! Kidimbwi kizuri, cha duara, kimetulia. Nikakitazama muda mrefu.

Bata.

Hakuna mtu anayefuga bata njia nzima ya kwenda Mlali. Wageni wa mradi wakija, wakute bata wanaogelea! Shida moja tu: kidimbwi kinavuja, kwa sababu mfereji uko wazi upande wa chini. Ukizibwa pale, kidogo tu, maji yatapanda na kutulia.

Naandika haraka. Nimeshaazima toroli.